Kwa nini magari yanazidi kunenepa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naendesha Toyota IST. Nikiiegesha mjini katikati ya magari mawili ya juu, nikirudi nalazimika kupenya mlangoni kwa ubavu kama mtu anayepita kichochoro cha Mji Mkongwe. Kwa hiyo nakiri mapema kwamba nina upande katika jambo hili. Maswali yafuatayo ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kwenye mazungumzo ya magari, kijiweni na kwenye simu.

Ni kweli magari yamekua, au ni macho yetu tu?

Yamekua kweli. Chukua gari linalojulikana na kila mtu, Toyota Corolla. Ya kwanza kabisa, ya mwaka 1966, ilikuwa na urefu wa mita 3.85, upana usiofika mita 1.5, na uzito wa kilo 700 hivi. Corolla 110, ile ambayo bado inapiga teksi mikoani, ina urefu wa karibu mita 4.3 na upana wa mita 1.69. Corolla saluni inayouzwa Ulaya leo ni mita 4.63 kwa mita 1.78.

Kichekesho ni kwamba IST, ambayo sisi tunaiita kigari, ina urefu uleule wa Corolla ya 1966 na inaizidi upana kwa sentimita 21. Tunachokiita kidogo leo kingekuwa gari la familia enzi za babu.

Si Toyota peke yake. Volkswagen Golf ya 1974 ilikuwa mita 3.7 kwa 1.61, ya sasa ni mita 4.28 kwa 1.79. RAV4 ya milango mitatu ya mwaka 1994 ilikuwa fupi kuliko IST, na leo RAV4 inakaribia mita 4.6. Ulaya wamepima magari mapya yote kwa jumla wakakuta upana wa wastani ulitoka sentimita 177.8 mwaka 2018 hadi 180.3 mwaka 2023, yaani sentimita moja kila miaka miwili. Sentimita moja ni ndogo, lakini nafasi ya kuegesha haikui nayo. Uingereza nafasi ya kawaida bado ina upana wa mita 2.4.

SUV ni gari gani hasa?

Zamani ilikuwa gari la porini, lenye bodi iliyokaa juu ya chasisi nzito kama ya lori: Land Cruiser, Land Rover, Patrol. Siku hizi nyingi ni saluni zilizonyanyuliwa na kuvalishwa bodi ya kibabe. Harrier ya kwanza, ya mwaka 1997, ilitokana na saluni ya Toyota Camry. Mwaka 2023 magari ya aina hii yalifika asilimia 48 ya magari mapya yote yaliyouzwa duniani.

Wengi husema mambo yalianzia Marekani. Ilikuwaje?

Hapa inabidi tukae kidogo, maana ndipo penye kiini.

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipoinyima Marekani mafuta, foleni za sheli zilikuwa ndefu kuliko zetu za siku petroli inapoadimika. Mwaka 1975 Bunge lao likapitisha sheria ya kulazimisha viwanda kupunguza ulaji wa mafuta. Kila kampuni ilipewa wastani wa kufikia kwa magari yake yote. Kufikia magari ya mwaka 1985, wastani wa magari ya abiria uliwekwa kwenye takriban kilomita 11.7 kwa lita.

Lakini malori mepesi, yaani pikapu na gari za kazi, yaliwekwa kwenye kundi lake na kupewa kiwango cha chini. Hata miaka ya mwisho ya 1990 kiwango hicho kilikuwa kilomita 8.8 tu kwa lita. Hoja ilikuwa ya haki: mkulima na fundi ujenzi wasibanwe kwa sababu ya chombo chao cha kazi. Na magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,850 hivi yakijazwa mzigo hayakuguswa kabisa.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mwenye kiwanda. Una familia inayotaka gari la watu saba. Ukiwatengenezea steshen wageni ndefu kama za zamani, yaani saluni iliyorefushwa paa hadi nyuma, inahesabiwa kama gari la abiria na inakushushia wastani. Ukichukua chasisi ya pikapu, ukaweka viti na zulia, ukaongeza kiyoyozi, sheria inaliita lori, na mambo yanalegea. Ford Explorer iliyotoka 1990 ilifuata njia hiyo, na Wamarekani wakaipokea kwa mikono miwili.

Ilifika mahali watu wakacheza na maana ya neno lori. Chrysler PT Cruiser, kigari cha mama kwenda sokoni, kilisajiliwa kama lori jepesi. Subaru Outback ya mwaka 2005 iliinuliwa kidogo ili nayo iingie kundi hilo. Nani angeita Outback lori? Sheria iliita.

Mwaka 1975 saluni na steshen wageni zilikuwa karibu nne katika kila magari matano mapya ya Marekani. Leo hazizidi sana moja kati ya manne. Uzito wa wastani wa gari jipya nao umepanda kutoka kilo 1,450 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu tani mbili.

Na ile hadithi ya kuku ni ya kweli?

Ni ya kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa Marekani walifurika Ulaya kwa bei poa, wafugaji wa Ujerumani Magharibi na Ufaransa wakalia, ushuru ukapandishwa. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa kutoza asilimia 25 kwenye bidhaa nne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi. Lengo la hayo malori lilikuwa Volkswagen na vipanya vyao. Ushuru wa bidhaa nyingine uliondolewa baadaye. Wa malori ungalipo zaidi ya miaka 60 baadaye, na kuku waliouanzisha walishaliwa zamani.

Matokeo yake, pikapu ndogo za kutoka nje zilikosa nguvu Marekani, na viwanda vya huko vikapata uwanja uliozungushiwa ukuta, wenye faida nono, bila mshindani wa kuwalazimisha kutengeneza kitu kidogo. Wajanja hawakukosekana. Subaru iliuza pikapu yake ya BRAT ikiwa na viti viwili vya plastiki vilivyofungwa nyuma, mahali pa mzigo, ili forodhani ihesabiwe kuwa gari la abiria, lililotozwa ushuru mdogo zaidi.

Kwa nini hawakuziba ule mwanya wa sheria ya mafuta?

Walijaribu, wakafungua mwingine. Sheria ya mwaka 2007 ilileta hesabu mpya inayotazama eneo lililo kati ya magurudumu manne. Kila gari linapewa shabaha yake kulingana na eneo hilo, na likiwa kubwa shabaha inalegezwa. Nia ilikuwa njema, kutowaonea watengenezaji wa magari makubwa. Lakini mhandisi aliyeshindwa kupunguza mafuta ana njia nyingine sasa: asogeze magurudumu mbali kidogo.

Hapo ndipo ninapokitazama kisa chote. Gari hubanwa pale linapopimwa na kutanuka pale lisipopimwa. Wamarekani walipima ulaji wa mafuta kwa makundi, magari yakahama kundi. Sisi tunapima ujazo wa injini, na nitaeleza kilichotokea.

Lakini si wateja wenyewe wanayataka?

Wanayataka, ndiyo. Kukaa juu kunampa mtu kuona mbali. Mzee mwenye magoti mabovu anaona raha kuingia kwenye kiti kilicho usawa wa kiuno kuliko kuporomokea kwenye saluni. Mizigo, watoto, viti vya watoto, vyote vinaingia. Na heshima ipo, tusidanganyane. Mlinzi wa hoteli hufungua geti haraka kwa gari lenye kifua.

Ila hamu haioti yenyewe kama magugu. Gari la juu lililojengwa juu ya msingi wa saluni huuzwa ghali zaidi ya saluni hiyo, ilhali gharama ya kulitengeneza haiongezeki kwa kiwango hicho. Ndiyo maana matangazo mengi ni ya magari hayo yakiruka matope ambayo mnunuzi wake hatayakanyaga maisha yake yote. Mwaka 2018 Ford ilitangaza kwamba huko Amerika Kaskazini itaachana na karibu saluni zake zote na kubakiza Mustang. Baada ya hapo ukimwambia mteja wa huko "umechagua mwenyewe", achague nini tena?

Kodi nayo ilisukuma. Marekani mfanyabiashara aliyenunua gari la kazi linalozidi ratili 6,000 likiwa limejazwa mzigo (kilo 2,700 hivi) aliruhusiwa kulikata kwenye hesabu za kodi, na mwaka 2003 kiwango kilipandishwa hadi dola 100,000. Madaktari na mawakala wa nyumba wakagundua ghafla kwamba kazi zao zinahitaji Hummer. Mwaka uliofuata kiwango kwa SUV kilishushwa hadi dola 25,000.

Gari kubwa si salama zaidi?

Kwa nani?

Sehemu ya unene wa magari ya leo ni usalama wa haki. Milango ina vyuma vya kuzuia pigo la ubavuni, nguzo za kioo ni nene, kuna eabegi kila kona, na mbele pameachwa nafasi ya kukunjika ili pigo lisimfikie dereva. Tangu Euro NCAP ianze majaribio yake ya kugongesha magari mwaka 1997, gari lililokonda linaaibishwa hadharani. Corolla ya 1966 ikipigwa kama wanavyopiga leo, hutamani kuona.

Lakini uzito una hesabu nyingine. Gari la tani 2.5 likigongana na la tani moja, aliye kwenye lile zito hupata mtikisiko mdogo kwa sababu mwenzake ameupokea mkubwa. Usalama huo umeazimwa kutoka kwa jirani. Mwanauchumi Michelle White alichapisha mwaka 2004 hesabu za ajali za Marekani akakuta kwamba kwa kila ajali ya kifo ambayo walio ndani ya gari kubwa wanaiepuka, zinaongezeka angalau 4.3 za wengine: walio kwenye magari madogo, pikipiki, baiskeli, na miguu. Kila mtu akiona hivyo, naye anatafuta kubwa zaidi, na mbio haziishi. Wapiganapo mafahali, ziumiazo ni nyasi, na nyasi za barabarani ni waenda kwa miguu.

Boneti ndiyo habari yenyewe. Saluni yenye pua ya chini humpiga mtu miguuni, akaangukia juu ya boneti. Gari lenye uso wa ukuta humpiga kifuani au kichwani na kumtupa chini, mbele ya magurudumu. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani ilionyesha mwaka 2023 kwamba magari yenye boneti inayozidi sentimita 102 kutoka chini yana uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu unaozidi kwa takriban asilimia 45, yakilinganishwa na yenye pua fupi iliyoteremka. Waliouawa wakitembea Marekani walikuwa 4,100 hivi mwaka 2009. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Ukubwa wa magari si sababu pekee, kuna simu, mwendo kasi na giza, lakini umo.

Na mtoto wa darasa la kwanza anaposimama mbele ya boneti hiyo, dereva anaweza asimwone kabisa.

Sisi huku yanatufikiaje?

Kwa meli, na kwa kuchelewa. Kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalihamishwa kutoka Japan, Ulaya na Marekani kwenda nchi nyingine, na Afrika ilipokea asilimia 40. Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania haikatazi, ila inaongeza kodi ya uchakavu kuanzia miaka hiyohiyo 8. Hivyo kinachoteremka Mombasa na Dar es Salaam leo ni kile alichokipenda Mjapani miaka michache iliyopita.

Japan iliwahi kuwa na breki nzuri. Gari lililozidi mita 4.7 kwa urefu, mita 1.7 kwa upana au injini ya cc 2,000 lilipata namba inayoanza na 3 na kodi kali ya mwaka. Ndiyo maana magari mengi ya zamani ya Kijapani yana upana wa mita 1.69 na nukta, kama nguo iliyokatwa kwa kipimo kimoja. Mwaka 1989 adhabu ya upana iliondolewa na kodi hiyo ikafuata ujazo wa injini peke yake. Polepole magari yakaanza kuvuka mstari. IST ya kwanza ya 2002 iliuheshimu kwa mita 1.695, ya pili, ya 2007, ikawa mita 1.725.

Sasa tuje kwetu. Ushuru wa bidhaa Tanzania hutazama cc: hadi 1,000 hakuna, kutoka hapo hadi 2,000 ni asilimia 5, juu yake ni 10. Zamani ilikuwa sawa kufikiri kwamba injini ndogo ni gari dogo. Turbo, kifaa kinachoisukumia injini ndogo hewa zaidi ili itoe nguvu ya injini kubwa, imeivuruga hesabu hiyo. Honda CR-V ya cc 1,500 yenye turbo hukaa kwenye fungu moja na Corolla kuukuu, ingawa ni pana zaidi na nzito kwa mamia ya kilo. Hakuna anayeuliza kilo wala sentimita.

Na mashangingi ya serikali je?

Kila kizazi na jina lake. Baada ya uhuru tulikuwa na wabenzi, wakubwa wa kwenye Mercedes-Benz. Likaja shangingi, neno la mwanamke wa mjini aliyekubuhu, likahamia kwenye Land Cruiser VX ya waheshimiwa. Lugha ilimaliza kazi ya uchambuzi kabla ya wachumi.

Jaribio linalokumbukwa ni la Kenya, bajeti ya Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha. Aliamuru mawaziri warudishe magari yenye injini kubwa na wapewe yasiyozidi cc 1,800, yakaletwa Volkswagen Passat. Baadhi walisuasua kurudisha funguo. Wananchi walicheka sana, lakini Passat hazikubadili ladha ya wakubwa.

Kwa barabara zetu, si lazima gari la juu?

Kwa wengine ni lazima. Mganga wa kituo cha afya kijijini wakati wa masika hawezi kuelezwa habari za saluni, na yeyote aliyewahi kukwama Jangwani mafuriko yakiwa yamefunga Barabara ya Morogoro ananielewa. Ila tenganisha mambo mawili. Unachohitaji kwenye rasta na mashimo ni tumbo la gari lisikwangue. Hilo halidai upana wa mita 1.9 wala tani mbili na nusu. Probox zinazokimbiza miraa kutoka Meru ya Kenya hazijawahi kuomba kuwa pana. Na SUV nyingi za mjini zina magurudumu mawili tu yanayovuta. Matope yakikolea, zinasukumwa kama wengine.

Zinaharibu lami?

Kidogo sana. Uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, kwa hiyo wa kulaumiwa ni malori. Hapa SUV inasingiziwa.

Magari ya umeme yataleta nafuu?

Ya moshi, ndiyo. Ya unene, inategemea. Betri ni nzito, na gari kubwa linataka betri kubwa ili lifike mbali, betri nayo inataka breki na tairi kubwa zaidi. GMC Hummer ya umeme ina uzito wa karibu tani 4.1, na betri yake pekee ina tani 1.3, zaidi ya Corolla 110 nzima na dereva wake. Upande wa pili China imeuza kwa wingi Wuling Hongguang Mini EV, ambayo ya mwanzo haikufika mita tatu kwa urefu wala kilo 700. Teknolojia ni ileile.

Kuna nchi zilizoyabana?

Ufaransa inatoza magari mapya kwa kilo: ilianza 2022 na yaliyozidi kilo 1,800, ikashusha hadi 1,600 mwaka 2024. Norwe nayo tangu 2023 inatoza kwa uzito hata magari ya umeme. Paris waliuliza wananchi Februari 2024, asilimia 54.5 ya waliopiga kura wakakubali, na tangu Oktoba mwaka huo mgeni mwenye gari zito hulipa euro 18 kwa saa kuegesha katikati ya jiji. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 6, na wakazi wamesamehewa, kwa hiyo tusishangilie mno.

Mfano ninaoupenda ni wa Japan, wa magari ya kei: mita 3.4 kwa 1.48, injini isiyozidi cc 660. Linapimwa bodi na injini kwa pamoja, na aliyekubali mipaka hiyo hupewa kodi nafuu. Tunayajua vizuri. Kirikuu anayetuletea maji, magodoro na mchanga uchochoroni, mahali Fuso haliwezi kukunja, ni mtoto wa sheria hiyo.

Nikitaka kununua, nitazame nini?

Pima geti lako kwanza, na vioo vya pembeni vya gari vikiwa wazi. Nimeona mtu akibomoa nguzo ya geti wiki ya kwanza. Uliza bei ya tairi moja ya rimu ya inchi 18 kabla hujaisifia rimu. Tazama uzito kwenye nyaraka za gari, si cc tu. Hesabu siku ngapi kwa mwaka unabeba zaidi ya watu wanne; ikiwa ni Idi na Krismasi tu, kodi gari siku hizo.

Kisha, ukiwa yadi, mwombe muuzaji aweke ndoo ya lita 20 chini, hatua moja mbele ya bampa, na juu yake aweke nyingine. Kaa kwenye kiti cha dereva, funga mkanda, uangalie mbele. Usipoiona hata ile ya juu, mwambie akuonyeshe lingine.